Job Omondi Hapunguzi Mwendo

Mzee Job Omondi alifika Doha mwezi wa nne, kabla joto halijaanza kuchoma, kwa viza ya matembezi aliyotafutiwa na bintiye Jennifer. Jennifer ni muuguzi wa wodi ya akina mama. Ameishi Qatar muda mrefu kiasi kwamba watoto wake wawili wamekua, wamerudi Kenya kusoma chuo, na yeye amebaki na nyumba ya vyumba viwili huko Al Thumama, ambako ndege zinazotua hupita chini mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Alitaka babake aone anakoishi angali anaweza kupanda ngazi za ndege mwenyewe. Mzee alikuwa na miaka themanini na mitano. Meno yake yote yalikuwa ya bandia na magoti yalimsumbua, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na hilo hakuchoka kulisema.

Ijumaa ya pili Jennifer alimpeleka kula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa The Pearl, kisiwa kilichojengwa baharini. Rafiki yake wa kazini, Cherotich, ndiye aliyemwelekeza kwenye mkahawa huo. Meza za nje zilitazama mashua za matajiri, samaki wao alisifiwa, na kila Ijumaa mchana palikuwa na dijei aliyepiga muziki wa taratibu. Mzee alivaa suti yake ya kijivu na tai. Walipewa meza yenye kivuli, wakaletewa samaki, na Jennifer akaanza kumtolea babake miiba kama yeye alivyokuwa akitolewa utotoni.

Muziki ukabadilika. Tarumbeta ilianza kulia polepole, nzito, ikiwa na mwangwi mrefu nyuma yake kama mtu anayepiga akiwa ndani ya tangi tupu, na chini yake sauti ya mvua. Jennifer aliutambua mara moja akatabasamu. Ulikuwa wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote za mwaka ule. Uliitwa "Machweo". Alikuwa nao kwenye simu, na kila akitoka zamu ya usiku ndio uliomtafutia usingizi. Hata kwenye lifti ya hospitali ulisikika. Hakuna aliyemjua mpigaji. Iliandikwa tu kwamba ni msanii asiyejulikana wa Afrika Mashariki.

Mzee aliweka uma chini.

"Nani huyo mlevi?" aliuliza.

Jennifer alimwambia si mlevi, ni wimbo maarufu sana. Mzee akainua mkono asiongeleshwe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikaanza kubonyeza kitambaa cha meza. Vidole vile havikwenda pamoja na muziki. Viliutangulia, vikaungoja, vikautangulia tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anayepiga ni yeye.

"Baba, haiwezekani."

"Tulia. Sasa hivi Mutai atagonga kiti na besi yake."

Kikasikika kishindo kizito, cha mbali, ambacho Jennifer siku zote alikuwa amekichukulia kuwa ni ngurumo ya radi katika ile mvua.

"Nilimwambia asogee," Mzee alisema. "Na mvua imetoka wapi? Siku ile palikuwa na jua."

Jennifer alimwita mhudumu, mhudumu akamwita dijei. Alikuja kijana wa Kikenya wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na shati la kitani, akajitambulisha kuwa ni Shaun Githinji. Mzee alimuuliza wimbo ule ameutoa wapi. Shaun alieleza kwa furaha, maana watu wengi walimuuliza hivyo. Aliipata santuri hiyo katika rundo la santuri kuukuu kwenye soko moja la Nairobi, karatasi ya katikati ikiwa imechubuka hata jina halisomeki. Aliinakili kwenye kompyuta, akaipunguza mwendo, akaitia mwangwi na mvua, akaiweka mtandaoni. Sasa ilikuwa inasikilizwa kuanzia Doha hadi mahali asipopajua. Ndiyo iliyompatia kazi hii.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamwambia kwamba upande wa pili wa santuri ile unaanza na ngoma peke yake, na katikati kuna mtu anakohoa, na kikohozi hicho ni cha fundi mitambo, kwa sababu mpiga ngoma hakuwa mtu wa kukohoa.

Shaun alivua miwani. Upande ule wa pili hakuwa amewahi kumpigia mtu yeyote. Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nilidhani mwenye huu wimbo alishafariki."

"Bado," Mzee alisema, akauchukua uma wake.

Jennifer alijua babake alikuwa mpiga tarumbeta, lakini alijua kama watoto wanavyojua maisha ya wazazi wao ya kabla, vipande vipande. Alizaliwa wakati Mzee ameshakuwa karani wa reli. Alikumbuka tarumbeta ya Jumapili baada ya kanisa, babake akiwa amesimama katika ua wa nyumba yao ya Makongeni, akipiga kwa kasi mpaka majirani wanafunga madirisha. Mama alikuwa akisema kwamba mtu huyu hapigi muziki, anagombana. Santuri yenyewe hakuwahi kuisikia. Nakala ya nyumbani ilivunjika walipohama, kabla yeye hajazaliwa, na haikupatikana nyingine.

Mambo ya kabla ya hapo Mzee alimsimulia siku zile za Doha, asubuhi, wakinywa chai. Alianza tarumbeta katika bendi ya kanisa huko Kaloleni. Alipokuwa kijana alimfahamu baharia mmoja Mmarekani aliyekuja Nairobi kutembea akaacha santuri chache kwa mwenye baa, na humo ndimo alimosikia bebop, ile jazi ya kasi, kwa mara ya kwanza. Alisema alidhani gramafoni imeharibika. Wapigaji walikuwa wanakimbia, kila mmoja akijua anakokwenda, na wimbo ukawa kama mtu anayefikiri kwa sauti bila kungoja ruhusa. Aliiazima ile gramafoni mpaka sindano ikaisha. Alijifunza solo moja baada ya nyingine kwa sikio, kisha akaziacha akaanza kutunga zake. Nairobi nzima hakukuwa na mwingine aliyepiga namna ile. Wacheza dansi walitaka rumba, na walipomsikia walisimama katikati ya sakafu wakishika viuno. Kiongozi wa bendi yake alimfukuza mara mbili.

Alikodi studio ya Mhindi mmoja kwa mchana mmoja, yeye, Mutai wa besi, mpiga piano na mpiga ngoma, wakarekodi pande mbili za santuri. Mwenye studio alimwomba apunguze mwendo ili watu wanunue. Hakupunguza. Watu hawakununua. Baada ya hapo alirudi kwenye harusi na vilabu, na kila mahali ombi lilikuwa lile lile, hadi siku alipochoka kuombwa, akaenda kuandikwa kazi reli.

Shaun alifika Al Thumama Jumapili mchana, na kilo mbili za tende, kompyuta yake, na santuri yenyewe ikiwa imefungwa kwa taulo. Mzee aliishika kwa kingo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Shaun alizungumza. Alisema mambo ya haki na malipo yatawekwa sawa, atakaa na Sista Jennifer wayaandike. Mzee alikubali kwa kichwa kama mtu anayekubali hali ya hewa. Alichotaka yeye ni kusikia santuri ilivyo, bila mvua.

Shaun alifungua kompyuta, akaunganisha spika ndogo, akaipiga.

Jennifer alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Alijitayarisha kusikia ule wimbo wake ukiwa umechangamka kidogo. Kilichotoka kilimshtua. Tarumbeta iliruka juu, kali, nyembamba, ikamwaga maneno ambayo hakuyawahi, ikakata, ikarudi kutoka upande mwingine, na ngoma zikawa zinaisukuma kwa nyuma kama umati mlangoni. Hakukuwa na pa kupumzikia. Ulikuwa kama ugomvi wa watu wanne wanaoelewana. Kile kishindo cha besi kilipita haraka, kuk, hata hungekijua. Kabla hajatua sinia mezani wimbo ulikuwa umekwisha.

Hakuupenda. Alijikuta anautamani ule mwingine, na aliona aibu kwa sababu babake alikuwa mbele yake, amekaa wima kwenye kochi, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali.

"Huyo ndiye," Mzee alisema. Alikuwa hajamsikia tangu ujana wake.

Alimgeukia Shaun, akamwambia sasa aiondoe ile ya uongo, aiweke hii.

Shaun alijibu kwa adabu, lakini alijibu. Alisema alishajaribu mwanzoni kabisa. Aliiweka kama ilivyo, na waliofungua waliikimbia kabla dakika haijaisha. Ile ya polepole watu wanaipenda. Wanafunga ndoa nayo. Kuna mama amemwandikia kwamba alijifungua akiisikiliza. Na zaidi ya hapo, hata akitaka kuiondoa haiondoleki tena, imeshasambaa kwenye simu za watu. Mkahawa ulikuwa unataka kufanya Ijumaa moja ya kumheshimu Mzee, waalikwe watu, aitwe mbele, apewe tuzo.

"Nitakuja," Mzee alisema. "Lakini siku hiyo utapiga santuri kwa mwendo wake. Mbele ya hao watu."

Shaun alisema atazungumza na meneja. Alisema huku akizungusha kikombe, na Jennifer aliyeishi na ahadi za wakubwa wa hospitali miaka mingi alijua hapo hapo jibu litakuwa nini.

Jibu lilipokuja kwa simu, siku mbili kabla ya Ijumaa yenyewe, lilikuwa kama alivyojua. Meneja wa mkahawa, mwanamke mstaarabu aliyependa mambo yaende kimya, alisema wageni wanakuja kula na kutulia, na wimbo waliokuja kwa ajili yake ni "Machweo". Asili inaweza kutajwa kwenye hotuba. Tangazo lilikuwa limeshatoka, na picha ya Mzee iliyopigwa na simu ya Jennifer, chini yake maneno: Baba wa Machweo.

Jennifer alijaribu kumtuliza babake. Alisema amengoja maisha yake yote watu wamsikie, na sasa wamemsikia, hata kama si kwa namna aliyotaka. Akamwambia ukweli kuhusu yeye mwenyewe pia, kwamba mwaka mzima amelala kwa wimbo ule bila kujua ni wa nani, na ulimsaidia katika siku ambazo hakuna kingine kilichomsaidia.

"Wanaupenda, Baba. Kwa nini usikubali kupendwa?"

Mzee alikuwa anapiga pasi shati lake, hakupenda kupigiwa. Aliisimamisha pasi.

"Nyara," alimwita, binti yangu kwa Kijaluo, "unajua wimbo ule unaitwaje?"

Jennifer alisema "Machweo", kisha akajirekebisha, akasema hajui.

Unaitwa "Uma na Kisu", Mzee alimwambia. Kabla ya ile studio walikuwa wakipiga katika hoteli moja kubwa ya Nairobi, kwa wazungu wanaokula chakula cha jioni. Waliingilia mlango wa jikoni, na chakula hawakupewa. Na kila usiku msimamizi aliwaambia neno moja kabla ya kuanza: pigeni wageni wasikie uma zao. Yaani uma zikigonga sahani zisikike zaidi ya tarumbeta. Walifanya hivyo muda mrefu. Kisha usiku mmoja, bila kupanga na mtu, Job Omondi alihesabu kwa mguu mara nne, haraka mara mbili ya kawaida, na wenzake wakamfuata. Alipiga hadi uma zote chumbani zikasimama hewani. Walitolewa kwa mlango ule ule wa jikoni, ala zao zikatupwa nyuma yao, na Mutai alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Wimbo uliozaliwa usiku huo ndio waliokwenda kuurekodi.

"Sasa kijana ameuchukua," Mzee alisema, "ameupunguza, ameurudisha pale pale. Watu wanakula na uma zinasikika. Huyo wanayempenda ni mtu mwingine. Mimi nilimkataa huyo nikiwa na miaka ishirini na mbili."

Jennifer alimshauri basi wasiende. Mzee alisema ataenda. Hajawahi kukimbia jukwaa.

Ijumaa ile meza zilijaa hadi nje. Palikuwa na Wakenya kadhaa wa ofisini waliovaa vizuri, Cherotich na mumewe, familia za kigeni, na watu wenye kamera. Mzee alikalishwa meza ya mbele kwenye kiti chenye mto, katika suti ile ile ya kijivu. Shaun alikuwa nyuma ya mitambo yake na hakumtazama machoni. Meneja alisema maneno machache mazuri, akamkabidhi Mzee kipande cha kioo chenye umbo la tarumbeta, watu wakapiga makofi. Halafu mvua ikaanza kunyesha kwenye spika, na "Machweo" ikatambaa juu ya meza. Watu waliinamia sahani zao. Jennifer alisikia uma. Hakuwa amewahi kuzisikia kabla ya siku ile, na sasa hakuweza kusikia kitu kingine.

Mzee alisimama, akachukua maikrofoni kutoka kwa meneja aliyedhani anataka kushukuru. Alishukuru kweli. Alisema ameshukuru kwa chakula na kwa kioo. Kisha akamwomba Shaun, kwa jina, mbele ya watu, auzime wimbo huo na kupiga santuri kama ilivyorekodiwa.

Shaun alimtazama meneja. Meneja alitikisa kichwa kidogo sana kukataa, akitabasamu. Shaun akabaki ameshika mitambo yake kwa mikono miwili.

"Vizuri," Mzee alisema.

Aligeuka pembeni, akatoa meno yake, ya juu na ya chini, akayafunga ndani ya kitambaa cha mezani na kuyaweka kando ya samaki. Alihesabu kwa mguu. Na akaanza kuipiga solo ile kwa mdomo.

Hakuwa anaimba, maana sauti ya kuimba hakuwa nayo. Alitoa silabi tu, kavu, za haraka, ulimi ukigonga ufizi pale ambapo zamani midomo iligonga chuma: kila kona ya ule wimbo, kila mruko, kwa kasi ile aliyoihesabu usiku ule wa hoteli, msimamizi akiwa amesimama nyuma yake. Mara kwa mara pumzi ilimwishia, akaruka nafasi tupu bila kuijaza, akadakia mbele ambapo alipaswa kuwa. Vidole vyake vilibonyeza hewa. Na "Machweo" iliendelea chini yake, nzito, ikiburuta, ikiwa bado kwenye sentensi ya kwanza.

Watu wengine walicheka, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Wengine walitoa simu. Meza moja nzima iligeuza viti kwa adabu ili wasione. Mwenyekiti mmoja wa chama cha Wakenya aliangalia viatu vyake. Meneja alimwashiria Shaun, na Shaun, kwa kutojua la kufanya, aliongeza sauti. Mzee naye akaisogeza maikrofoni mdomoni. Sasa zilikuwa zinapambana waziwazi, tarumbeta ya kijana wa miaka ishirini na mbili iliyofungwa mawe miguuni, na mdomo wa mzee asiye na meno.

Jennifer alikuwa ameshika koti la babake kwa nyuma. Alikuwa amelishika ili amketishe. Uso wake uliwaka kwa aibu, alisikia wafanyakazi wenzake wakinong'ona, na alitamani ardhi ya The Pearl, ambayo hata hivyo ni ya kutengenezwa, irudi baharini. Lakini kwa kuwa aliijua "Machweo" kwa moyo, kila noti, aliweza kusikia jambo ambalo wengine pale hawakuweza. Alisikia kwamba yote aliyoyapenda mwaka mzima yalikuwa humo mdomoni mwa babake, hakuna lililopungua, ila hapa yalikuwa yanataka kitu kwake. Ule wimbo wa simu ulikuwa ukimwambia alale. Huu ulikuwa ukimuuliza amelala kwa nini.

Aliliachia koti. Alisimama kando yake, akaanza kupiga makofi, mapigo ya pili na ya nne, kwa nguvu, kwa mwendo wa mguu wa Mzee. Alikuwa peke yake. Cherotich alijiunga kwa muda, akapotea mapigo, akaacha. Jennifer hakuacha.

Mzee alimaliza. Alimaliza mbali sana mbele ya santuri yake mwenyewe, iliyokuwa haijafika hata pale Mutai anapogonga kiti. Aliweka maikrofoni mezani, akarudisha meno yake, akamwambia bintiye twende. Makofi yalikuwa machache na hayakujua yaishie wapi. Kipande cha kioo walikiacha pale mezani.

Jennifer aliendesha gari kurudi nyumbani. Mzee alitazama nje, maghorofa yakipita, akasema pumzi yake ya kati imekwisha, inabidi aitafute.

Shaun alikuja siku ya pili yake. Alikuwa hajalala na hakujaribu kulificha hilo. Meneja alikuwa amemsema, na hakuwa na hakika kama ataitwa tena kazini, lakini si hilo lililomleta. Alimwambia Mzee kwamba aliporudi nyumbani Al Mansoura aliipiga santuri tena na tena kwa mwendo wake, mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha ameiweka mtandaoni. Ameandika Job Omondi, ameandika Mutai na wengine wote kama Mzee alivyomtajia, ameandika "Uma na Kisu", na kwenye ile nyingine ameandika kwamba imepunguzwa mwendo bila idhini ya mwenyewe. Kuiondoa kabisa hakuweza, na alisema hivyo bila kujitetea.

Mzee alimuuliza watu wanasemaje.

Shaun alitoa simu yake. Alisema waliosikiliza ni wachache, na maoni si mazuri. Mzee alimtaka asome. Shaun akasoma: kwamba ni kelele, kwamba inaumiza kichwa, kwamba mpigaji anaonekana anafukuzwa na polisi, kwamba bora ile ya mvua. Kila moja ilipokuja Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, uso wake ukizidi kung'aa, kama mtu anayesikia habari za jamaa zake waliopotea.

"Ndio hao," alisema. "Hao nawajua. Soma tena huyo wa polisi."

Jennifer alicheka, kwa mara ya kwanza tangu watoke mkahawani. Palikuwa na mmoja tu, kutoka mji ambao hawakuujua, aliyeandika kwamba amesikiliza mara tano na bado hajashika anachofanya huyu mtu, na kwamba anarudia.

Ni Shaun aliyeuliza kama kulikuwa na nyimbo nyingine. Mzee alisema zilikuwepo nyingi; studio walikuwa nayo mchana mmoja tu na santuri ina pande mbili. Zote alikuwa nazo kichwani. Tarumbeta hawezi tena, lakini mdomo bado ni wake. Shaun hakusema lolote la mwangwi wala la mvua. Aliuliza tu aje lini na maikrofoni.

Ilibidi kuzima kiyoyozi, kwa sababu mlio wake uliingia kwenye rekodi, na kufunga madirisha kwa ajili ya ndege. Ulikuwa sasa mwezi wa sita. Jennifer alipotoka zamu siku ya kwanza ya kazi hiyo na kufungua mlango, joto la ndani lilimpiga usoni kuliko la nje. Shaun alikuwa sakafuni na fulana iliyolowa, vifaa vya masikio kichwani. Babake alikuwa amesimama katikati ya chumba kwa suruali na singlendi, bila meno, jasho likimchuruzika, mguu ukihesabu, akiwa katikati ya wimbo ambao hakuna mtu hai aliyewahi kuusikia. Jennifer alivua viatu, akaketi kando ya mlango na sare yake, asitoe sauti.

Wimbo ulipokwisha Shaun aliinua kidole gumba na kusema imeingia, imeingia vizuri sana. Mzee alikunywa maji, akafuta shingo kwa taulo. Alisema haikuingia, katikati ameburuta. Akamwambia ajitayarishe waanze tena kutoka mwanzo.